Vinyama 66 visivyo na kirusi: uchambuzi wa kisa kutoka kazi ya Xavier Bosch

Kisa kwa ufupi

Mwaka 1995 kundi la watafiti lililoongozwa na F. Xavier Bosch, daktari na mtaalamu wa epidemiolojia (elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea na visababishi vyake) ya saratani kutoka Catalonia, Hispania, lilichapisha matokeo ya vinyama, yaani vipande vidogo vya nyama ya mgonjwa vinavyokatwa ili kupimwa, vya saratani ya mlango wa kizazi vilivyokusanywa kutoka nchi 22. Asilimia 93 vilikuwa na kirusi cha papiloma, HPV. Jarida kubwa lilipokea makala, wenzao walipongeza, na wengi wangeifunga kazi hapo. Wao waliurudia mzigo mdogo uliobaki, yaani vinyama 66 ambavyo kipimo hakikuona kirusi ndani yake, wakatumia miaka mingine kuuliza kwa nini.

Kisa hiki nakitumia ninapofundisha vijana wa afya ya jamii, kwa sababu kinaonyesha jinsi utafiti unavyoweza kuokolewa na uamuzi uliofanywa miaka kadhaa kabla ya tatizo kujitokeza. Majina ya watafiti sikuyaficha, maana kazi zao zimechapishwa na ziko wazi kwa kila mtu. Wanawake waliotoa vinyama na damu hawatajwi, wala hospitali walikotibiwa.

Usuli

Kabla ya kugusa saratani ya mlango wa kizazi, Bosch alikuwa amefanya kazi Lyon, Ufaransa, kwenye Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC), tawi la Shirika la Afya Duniani. Huko alishirikiana na Nubia Muñoz, daktari kutoka Kolombia, na sehemu kubwa ya kazi yake ilihusu saratani ya ini na kirusi cha hepatitisi B. Mwaka 1986 shirika hilo lilianza mradi wa kuwachanja watoto wachanga wa Gambia dhidi ya hepatitisi B, ili kuona kama saratani ya ini ingepungua watakapokuwa watu wazima. Mtu aliyekulia katika mazingira hayo haoni ajabu kusikia kwamba kirusi kinaweza kuleta saratani, na anajua pia kwamba kuthibitisha jambo hilo kunachukua miongo.

Kwenye mlango wa kizazi, hata hivyo, wanasayansi walikuwa wameshaungua mara moja. Miaka ya 1960 na 1970 mtuhumiwa mkuu alikuwa kirusi cha hepesi aina ya 2. Wanawake wenye saratani walikutwa na kingamwili za hepesi zaidi kuliko wenzao wasio na saratani, na karatasi zikaandikwa kwa wingi. Tatizo ni kwamba hepesi na HPV zote hupita njia moja, ya ngono, kwa hiyo palipo na mojawapo mara nyingi na nyingine ipo. Utafiti mkubwa wa Praha uliofuatilia wanawake wapatao 10,000, ambao matokeo yake yalitoka mwaka 1984, haukuona tofauti ya hepesi kati ya waliopata ugonjwa na wasiopata. Wakati huohuo maabara ya Harald zur Hausen nchini Ujerumani ilikuwa imetenga aina mpya za HPV ndani ya saratani zenyewe: aina ya 16 mwaka 1983 na ya 18 mwaka uliofuata. Kazi hiyo ndiyo iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 2008.

Kukuta kirusi ndani ya uvimbe ni jambo moja. Kuonyesha kwamba kirusi hicho ndicho kilichouleta ni jambo jingine, na hapo ndipo epidemiolojia inapoingia. Vipimo vya wakati huo vilikuwa dhaifu kiasi cha kupotosha. Utafiti uliolinganisha Greenland na Denmark, uliochapishwa mwaka 1988, ulikuta HPV ni nyingi zaidi kwa wanawake wa Denmark, ilhali saratani ilikuwa nyingi mara kadhaa kwa wanawake wa Greenland. Ukiisoma takwimu hiyo ilivyo, ungesema kirusi kinakinga. Mwaka huohuo Muñoz, Bosch na mwenzao waliandika makala ambayo kichwa chake kilikuwa swali: je, HPV husababisha saratani ya mlango wa kizazi? Jibu lao lilikuwa la tahadhari: dalili zipo, ushahidi bado.

Jinsi mambo yalivyokwenda

Hatua ya kwanza ilikuwa kuchagua mahali pawili penye tofauti kubwa. Kolombia wakati huo ilikuwa na saratani ya mlango wa kizazi karibu mara 8 ya Hispania. Timu ikafanya utafiti wa namna moja pande zote mbili, mji wa Cali kwa upande wa Kolombia na mikoa kadhaa kwa upande wa Hispania: wagonjwa wapya, kikundi linganishi kutoka jamii ileile, dodoso lilelile, na maabara moja. Safari hii walikuwa na PCR, mbinu ya kuzidisha vinasaba ambayo ilikuwa bado changa. Matokeo yalitoka mwaka 1992. Hispania, mwenye kirusi alikuwa na uwezekano wa mara 46 wa kuwa miongoni mwa wagonjwa. Kolombia mara 15 hivi. Ili msomaji apate kipimo, uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu mara nyingi huwa kati ya mara 10 na 20.

Sehemu moja ya kazi hiyo haizungumzwi vya kutosha. Timu iliwahoji na kuwapima pia waume. Kwa miaka mingi vitabu vilikuwa vimeandika kwamba saratani hii ni ya wanawake "wenye wanaume wengi", na mgonjwa aliyeingia kliniki alibeba ugonjwa pamoja na aibu. Sisi huku tunaijua aibu hiyo vizuri. Bado kuna mama anayeficha kutokwa damu kwa kuogopa maneno ya mawifi. Makala ya Bosch ya mwaka 1996 kuhusu waume wa Hispania ilionyesha kwamba mke ambaye mume wake alikutwa na HPV alikuwa na hatari karibu mara 5, na hatari ilipanda kadiri idadi ya wanawake wa nje wa mume ilivyopanda. Mwanamke asiyemjua mwanamume mwingine zaidi ya mume wake angeweza kuugua kwa historia isiyo yake. Kolombia uhusiano huo na waume haukujitokeza kwa nguvu, na maelezo ya watafiti yalikuwa kwamba kirusi kilikuwa kimeenea mno kiasi kwamba kulinganisha waume kulikosa maana.

Hatua ya pili ilikuwa ya dunia nzima. Hospitali 32 katika nchi 22 ziliombwa kukusanya vinyama kutoka kwa wagonjwa waliofuatana, bila kuchagua, na kuvihifadhi vikiwa vimegandishwa. Afrika iliwakilishwa na nchi kadhaa, zikiwemo Tanzania na Uganda. Slaidi zote, yaani vioo vyenye vipande vyembamba vya kinyama vya kutazamwa kwa hadubini, zilipelekwa mahali pamoja zisomwe upya ili kuthibitisha kwamba kweli ni saratani na ni ya aina gani. Kipimo cha PCR kiliweza kutambua aina zaidi ya 25 za HPV.

Majibu ya 1995 yalikuwa haya: kirusi katika asilimia 93, bila tofauti ya maana kati ya nchi na nchi. Aina ya 16 ilikuwa katika nusu ya vinyama, ya 18 katika asilimia 14, ya 45 katika 8 na ya 31 katika 5. Indonesia pekee ndiko aina ya 18 iliikuta na kuipita ya 16. Afrika Magharibi ilikuwa na mkusanyiko wa aina ya 45. Kwa mara ya kwanza mtengenezaji wa chanjo angeweza kuangalia jedwali moja na kujua aanze na aina zipi.

Vinyama vilivyofanyiwa hesabu vilikuwa 932. Vyenye kirusi 866. Visivyo nacho 66.

Uamuzi wa kurudi kwenye 66, na sababu zake

Kwa nini asilimia 7 isumbue? Kwa sababu maelezo mawili yalikuwa yanawezekana, na kila moja lingepeleka dunia njia yake. La kwanza: kuna saratani za mlango wa kizazi zinazotokea bila HPV, kwa hiyo chanjo na kipimo cha HPV vitaacha wanawake saba katika kila mia bila ulinzi wowote. La pili: kirusi kimo mle, kipimo ndicho kimekosa. Mtu asiyeamini HPV angeishika asilimia hiyo 7 kama ushahidi wake, na angekuwa na haki. Hepesi ilikuwa imewafundisha wote kwamba uhusiano wenye nguvu bado unaweza kuvunjika.

Jan Walboomers na Chris Meijer wa Amsterdam ndio waliobeba kazi ya maabara, wakiwa pamoja na Bosch, Muñoz, Keerti Shah, Michele Manos na wengine. Walikuwa na shaka mbili, walizoziandika waziwazi.

Shaka ya kwanza ilihusu mahali kipimo kilipoangalia. PCR ya 1995 ilitafuta kipande cha jeni ya L1, inayojenga ganda la kirusi. Lakini HPV inapojipachika ndani ya kromosomu ya binadamu, sehemu ya vinasaba vyake inaweza kukatika na kupotea, na L1 ni mojawapo ya sehemu hizo. Jeni za E6 na E7 hubaki, maana ndizo zinazozuia protini za mwili zilizowekwa kudhibiti mgawanyiko wa seli. Bila hizo uvimbe hauendelei. Kwa maneno mengine, kipimo kilikuwa kinatafuta sehemu ambayo saratani haina haja nayo.

Shaka ya pili ilihusu kinyama chenyewe. Daktari akichukua kinyama, kipande kimoja huenda patholojia, maabara ya kuchunguza tishu kwa hadubini, na kingine hugandishwa. Kipande cha patholojia kinaweza kuwa na saratani tele, na jirani yake akawa na damu, tishu iliyokufa au nyama nzima isiyo na ugonjwa. Slaidi imethibitisha saratani, lakini kilichopimwa kirusi si kile kilichotazamwa kwenye hadubini.

Suluhisho lao liliitwa mbinu ya sandwichi. Kinyama hukatwa vipande vyembamba vinavyofuatana. Vya nje, juu na chini, husomwa kwa hadubini, na vya katikati ndivyo huingizwa kwenye PCR. Kama saratani inaonekana pande zote mbili, basi na cha katikati kina saratani. Kisha cha katikati hupimwa kwa PCR tatu zinazolenga jeni tofauti, ikiwemo E7 ya aina 14 za hatari. Mbali na hayo walipima kingamwili kwenye damu ya wagonjwa 49 kati ya 66, na kuilinganisha na damu ya wagonjwa 48 waliokuwa na kirusi tangu mwanzo.

Haya yote yaliwezekana kwa sababu miaka kabla yake kulikuwa na itifaki iliyosema: gandisha, tunza damu, tunza slaidi. Vinasaba vya nyama iliyowekwa kwenye fomalini na nta huharibika taratibu, na mgonjwa aliyeondoka bila damu yake kutunzwa harudishwi. Hospitali yenye umeme wa kukatikakatika inajua kugandisha kinyama kuna gharama gani. Walilipa gharama hiyo wakati hakuna aliyejua kama ingehitajika, na kwa maoni yangu huu ndio uamuzi mkubwa kuliko yote katika kisa hiki, kuliko hata ujanja wa sandwichi.

Matokeo

Vinyama 55 kati ya 66 vilifaa kupimwa upya. PCR ya E7 ilikuta HPV katika 38. Vingine 2 vilionekana kwa PCR nyingine. Vilibaki 15.

Hadubini ikaonyesha kwamba kati ya vyote 55, vinyama 21 havikuwa na ubora wa kutosha. Na hapa ndipo pazuri: katika vile 34 vilivyofaa, 2 tu vilikosa kirusi kwa vipimo vyote; katika vile 21 visivyofaa, 13. Ukosefu wa kirusi ulikuwa unafuata ubovu wa kinyama. Damu nayo ilisema jambo hilohilo: kingamwili dhidi ya HPV 16 hazikutofautiana kimaana kati ya wagonjwa waliosemekana hawana kirusi na waliokuwa nacho. Walipounganisha hesabu za mara ya kwanza na ya pili na kuondoa vinyama visivyofaa, walipata asilimia 99.7. Makala ilitoka mwaka 1999 na kichwa chake hakikuwa swali tena: HPV ni sababu ya lazima ya saratani ya mlango wa kizazi.

Kutoka hapo milango ilifunguka haraka. Mwaka 2003 Muñoz, Bosch na wenzao walipanga aina 15 za HPV katika kundi la hatari kubwa, kwa data za nchi 9. Chanjo ya kwanza iliidhinishwa Marekani mwaka 2006, ikilenga aina za 16 na 18 pamoja na mbili za sunzua. Uchunguzi nao ulibadilika mantiki. Kama hakuna saratani bila kirusi, mwanamke asiyekuwa na kirusi leo anaweza kukaa miaka bila kupimwa tena, na sampuli anaweza kujichukulia mwenyewe. Kwa nchi zenye wataalamu wachache wa kusoma seli, mabadiliko hayo yana thamani kuliko yalivyokuwa na thamani Barcelona.

Bosch mwenyewe aliendelea kuongoza epidemiolojia ya saratani kwenye Institut Català d'Oncologia (Taasisi ya Saratani ya Catalonia), L'Hospitalet de Llobregat, kando ya Barcelona, ambako kituo cha taarifa za HPV kilijengwa kukusanya takwimu za kila nchi.

Uchambuzi: kilichofaa na kilichopungua

Nguvu ya kazi hii ilikuwa kuliweka swali la mpinzani ndani ya mpango wa utafiti. Mtu anayetafuta kusifiwa angeandika kwamba asilimia 7 ni makosa ya maabara na kuendelea. Wao walitaja aina mbili za makosa, wakaeleza kila kosa lingeonekanaje kama lingekuwepo, wakapima. Ule ulinganisho wa 2 kati ya 34 na 13 kati ya 21 ungeweza kwenda kinyume. Usingefuata ubora wa kinyama, dai la kosa la kipimo lingekufa palepale.

Hata hivyo, mwanafunzi makini ataona ufa. Sandwichi ilifanywa kwa vinyama visivyoonyesha kirusi. Ukirudia kupima upande mmoja tu, idadi ya wenye kirusi haiwezi kushuka. Inaweza kupanda au kubaki. Vivyo hivyo, kuondoa visivyofaa kutoka upande wa waliokosa kirusi bila kukagua kwa mkono uleule wale 866 kunaipendelea hesabu. Kingamwili za damu zinapunguza wasiwasi huu, kwa sababu zilipimwa pande zote mbili, lakini haziufuti. Ningemfundisha mtu kuinukuu 99.7 pamoja na njia iliyoizaa.

Ushahidi wa baadaye unaipa nguvu tahadhari hiyo. Mwaka 2010 Silvia de Sanjosé, Bosch na wenzao walichapisha vinyama 10,575 kutoka nchi 38, vingi vikiwa vimehifadhiwa kwenye nta kwa miaka mingi. HPV ilionekana katika asilimia 85. Hawakuirembesha namba hiyo ifanane na ile ya zamani; waliiandika ilivyo, wakieleza umri na hali ya vinyama. Halafu mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani, katika uainishaji wake wa uvimbe wa viungo vya uzazi wa mwanamke, lilitenganisha saratani za mlango wa kizazi zinazotokana na HPV na zile zisizotegemea HPV. Hizi za pili ni chache, nyingi zikiwa za tezi, lakini zipo. Kwa sera ya taifa, 99.7 na namba iliyo chini yake kidogo zinaelekea uamuzi uleule. Kwa mama mmoja anayetokwa damu baada ya tendo la ndoa na kipimo chake cha HPV kikatoka safi, tofauti ni kubwa: achunguzwe kwa macho, achukuliwe kinyama, asirudishwe nyumbani kwa sababu ya namba iliyoandikwa mwaka 1999.

Upungufu wa pili haukuwa wa maabara. Wanawake wa Tanzania na Uganda walitoa vinyama vilivyojenga jedwali la 1995. Chanjo ilipoingia sokoni Marekani mwaka 2006, dozi tatu ziligharimu kama dola 360. Rwanda iliwahi, mwaka 2011. Bei kwa nchi zinazosaidiwa na Gavi, muungano wa kimataifa wa chanjo, ilishuka hadi dola 4.50 kwa dozi mwaka 2013. Uganda ilianza chanjo ya kitaifa mwaka 2015, Tanzania 2018, Kenya 2019. Msichana aliyezaliwa Tanzania mwaka ule makala ya nchi 22 ilipotoka alikuwa na miaka 23 chanjo ilipofika, na walengwa walikuwa wa miaka 14. Itifaki iliyopanga kwa uangalifu vile jinsi kinyama kitakavyosafiri kwenda maabara haikuwa na sehemu iliyopanga jinsi faida itakavyorudi. Sisemi timu moja ya watafiti ingeweza kuamua bei za makampuni. Nasema swali hilo lilistahili kuwa kwenye meza tangu vinyama vinaombwa, na kamati za maadili za leo zinapaswa kuliuliza.

Bosch alilijua pengo hilo. Mwaka 2016 yeye na wenzake walipendekeza mpango walioupa jina HPV-FASTER: badala ya kuchanja wasichana wadogo peke yao na kusubiri miaka 30 kuona saratani ikipungua, wachanjwe pia wanawake watu wazima, na kuanzia miaka 30 kila mmoja apimwe HPV angalau mara moja katika ziara ileile. Hoja ilisimama juu ya msingi wa 1999: aliye na kirusi afuatiliwe, asiye nacho alindwe, wote wasihitaji kurudi kliniki mara kwa mara. Mpango huo ulikutana na uhaba wa chanjo duniani, na Shirika la Afya Duniani likaendelea kuwapa kipaumbele wasichana wa miaka 9 hadi 14. Kilichobadilisha hesabu kidogo ni utafiti uliofanyika Kenya, Kisumu, Thika na Nairobi, kwa wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20. Mwaka 2022 ulionyesha kwamba dozi moja ilizuia maambukizi ya kudumu ya aina za 16 na 18 kwa asilimia 97.5. Desemba mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani liliruhusu ratiba ya dozi moja, na Tanzania ikaifuata mwaka 2024. Dozi mbili zilizokuwa za msichana mmoja sasa zinatosha wawili, na swali la dada zao wakubwa linaweza kuulizwa upya.